MAREHEMU MWALIMU SOLOMON ELIUFOO (1920–1971)
Mwalimu, Rais wa Wachagga na Waziri wa Elimu

Katika kuadhimisha miaka mia moja ya usharika wetu, kurasa nyingi za kitabu hiki zimetengwa kwa ajili ya wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa waliolea kundi hili. Hata hivyo ingekuwa upungufu kuandika historia ya Kanisa letu katika Kilimanjaro bila kuwakumbuka watoto wake waliotoka madarasani mwa misheni wakaenda kulitumikia taifa. Mmoja wao ni marehemu Mwalimu Solomon Nkya Eliufoo wa Machame. Vijana wa leo wengi hawamjui. Wazee wanaomkumbuka wanamkumbuka kwa mambo mawili: aliomba kura za watu wake na kuchaguliwa kushika mahali palipokuwa pa Mangi Mkuu, na aliongoza elimu ya nchi nzima katika miaka migumu ya mwanzo wa uhuru.

Mazingira ya kuzaliwa na malezi

Solomon Eliufoo alizaliwa mwaka 1920. Mwaka huo una maana ya pekee katika historia ya Kanisa letu. Wamisionari wa Leipzig walikuwa wamefika Machame mwaka 1893, wakafungua kituo chao cha kwanza katika Kilimanjaro, na kutoka hapo kazi ikaenea Mamba, Moshi ya Kale na mahali pengine mlimani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali mpya ya Waingereza iliwaondoa Wajerumani nchini, na mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig walilazimika kuondoka. Sharika zikabaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wenyeji. Hao ndio waliofundisha katekisimu, wakaongoza ibada za Jumapili, wakazika wafu na kuendelea kufungua milango ya shule kila asubuhi, wengi wao kwa ujira mdogo au bila ujira wowote. Baadaye ndugu wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia, na katikati ya miaka ya 1920 wamisionari wa Leipzig wakaruhusiwa kurudi.

Kwa hiyo kizazi cha Eliufoo kilikulia katika Kanisa lililokwisha kuona kwa macho kwamba Mwafrika aweza kuongoza. Mtoto wa Machame wa siku zile alimwona mwalimu wa kijijini akiwa mtu wa kuheshimiwa sana, pengine mara tu baada ya mangi na wachili wake. Mwalimu ndiye aliyesoma barua za watu na kuandika mashauri yao. Ndiye pia aliyesimama mbele ya usharika. Majina yenyewe yalianza kubadilika: nyumba za Wakristo katika Kilimanjaro, Upare na Meru zikawapa watoto majina yanayoanza na Eli, kuonyesha kwamba nyumba ile imemkabidhi Mungu uzao wake. Jina la Eliufoo ni mojawapo ya majina ya ukoo huo wa imani.

Ni vema pia kukumbuka utawala uliokuwapo mlimani. Kila nchi ya Uchagga ilikuwa na mangi wake, na Machame ilikuwa mojawapo ya nchi kubwa kuliko zote. Umangi ulirithiwa. Mtoto wa mkulima mwenye kihamba cha migomba na kahawa hakutazamia kushika madaraka hayo, hata angekuwa na akili kiasi gani. Njia iliyokuwa wazi kwake ilikuwa ile ya shule.

Safari ya elimu

Eliufoo aliifuata njia hiyo hadi mwisho wake. Alifika Makerere, Uganda, chuo kilichokuwa kilele cha elimu kwa vijana wa Afrika Mashariki. Tanganyika wakati huo haikuwa na chuo chake cha namna hiyo, na waliopata nafasi ya kwenda Makerere walikuwa wachache mno. Aliporudi alishika kazi ya ualimu, wito aliouheshimu maisha yake yote.

Katika miaka ya 1950 alikwenda kusoma ng'ambo. Huko Marekani alisoma katika Chuo cha Bethany, mjini Lindsborg, jimbo la Kansas. Msomaji wa kitabu hiki ataona mara moja mkono wa Kanisa katika jambo hilo. Chuo cha Bethany kilianzishwa mwaka 1881 na Walutheri wenye asili ya Sweden, watu wa Sinodi ile ile ya Augustana iliyotuma watumishi wake Kilimanjaro wakati Wajerumani walipoondolewa, na tena wakati wa Vita Kuu ya Pili. Lindsborg ni mji mdogo wa wakulima katikati ya mashamba ya ngano. Kijana kutoka mlimani alikuta huko Walutheri wenzake ambao wazee wao walifika wakiwa wahamiaji na kujijengea kanisa, shule na chuo kwa nguvu zao. Tena alikuta watu wanaochagua viongozi wao kwa kura kwa muda maalumu, na kuwaondoa kwa kura wasiporidhika nao. Baada ya Marekani alisoma pia Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Bristol.

Alirejea nyumbani wakati nchi ikiwa imebadilika. Chama cha TANU kilikuwa kimeanzishwa Julai 1954. Mwezi Novemba 1955 Marangu ilikuwa imepokea mkutano mkuu wa Walutheri wa Afrika nzima, na Waafrika walikuwa wakipewa dhamana kubwa zaidi katika Kanisa. Mwalimu mwenye elimu ya juu hakuweza kukaa pembeni.

Mgombea wa mwaka 1958

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Masharti yake yalikuwa magumu. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu, kipato au cheo cha kiwango kilichowekwa, hivyo wananchi walio wengi hawakuruhusiwa kupiga kura. Tena kila mpiga kura alipaswa kuchagua wawakilishi watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi ndani ya TANU waliona mpango huo ni dhuluma na kutaka uchaguzi ususiwe. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, Mwalimu Julius Nyerere aliwashawishi wajumbe wakubali kuingia, ili chama kisijifungie nje ya Baraza.

Katika Jimbo la Kaskazini, Eliufoo aligombea kiti cha Mwafrika akiungwa mkono na TANU. Alichaguliwa, na waliochaguliwa pamoja naye walikuwa Bi. Sophia Mustafa kwa upande wa Waasia na Bwana Derek Bryceson kwa upande wa Wazungu. Watu hao watatu, Mlutheri wa Machame, mwanamke Mwislamu na mkulima Mwingereza, waliuwakilisha mkoa mmoja kwa nia moja. Jambo hilo lilionyesha kwamba mpango uliowekwa kuwagawa watu kwa rangi ungeweza kutumiwa kuwaunganisha.

Mwezi Julai 1959 Gavana Sir Richard Turnbull aliwaingiza serikalini mawaziri watano waliotoka miongoni mwa wajumbe waliochaguliwa. Eliufoo alikuwa mmoja wao, pamoja na Chifu Abdallah Fundikira, George Kahama, Amir Jamal na Bryceson. Alikabidhiwa Wizara ya Afya. Hivyo mwalimu wa Machame alikuwa miongoni mwa Waafrika watatu wa kwanza kushika wizara katika Tanganyika.

Swali la Mangi Mkuu

Pamoja na hayo, jambo lililoligusa jina lake zaidi nyumbani halikuwa la Dar es Salaam. Lilikuwa swali la nani awaongoze Wachagga, na apate wapi mamlaka yake.

Mwaka 1951 Wachagga walikuwa wamemchagua Thomas Marealle wa Marangu kuwa Mangi Mkuu, akasimikwa mapema mwaka 1952. Hatuna budi kusema kwa haki kwamba Mangi Mkuu huyo alikuwa kiongozi mwenye elimu na maono. Katika siku zake bei ya kahawa ilikuwa nzuri, shule ziliongezeka, gazeti la Komkya lilianzishwa, na Wachagga walijivunia kuwa watu wamoja wenye bendera na siku yao ya kuadhimisha kila mwaka. Mwaka 1957 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuzungumzia mambo ya Tanganyika. Wako waliompenda kwa moyo wote hadi alipofariki mwaka 2007.

Lakini kadiri miaka ilivyokwenda swali lilizidi kuulizwa vihambani na vilabuni. Mtu aliyechaguliwa kwa kura, je, anashika madaraka kwa maisha yake yote kama aliyerithi? Na kama wananchi hawaridhiki naye, waende wapi? Machame na nchi nyingine zilinung'unika. TANU nayo iliona kwamba ufalme wa kabila moja, hata ukiwa wa kisasa, unaweza kuwa kizuizi kwa taifa linalozaliwa. Chama cha Kidemokrasia cha Wachagga kikaanzishwa mwaka 1958 kudai kwamba kiongozi wa Wachagga awe rais anayechaguliwa kwa muda maalumu. Eliufoo akawa sauti kubwa ya dai hilo.

Mgogoro huo haukuwa mwepesi kwa Kanisa. Waliomtaka Mangi Mkuu na waliomtaka rais walikutana Jumapili katika madawati yale yale na kupokea Ushirika Mtakatifu katika meza ile ile. Zilikuwapo nyumba ambazo baba na mtoto hawakukubaliana. Kwa wazee wengi, kumpinga mangi kulifanana na kumvunjia heshima mzazi. Kwa vijana wa shule, kumwachia mtu mmoja madaraka bila kipimo cha muda kulifanana na kurudi nyuma.

Februari 1960 Wachagga waliulizwa kwa kura: je, wanamtaka Mangi Mkuu au wanataka rais wa kuchaguliwa kila baada ya muda? Wengi mno, takriban wanne kwa kila mmoja, walichagua rais. Mlima ukakubali uamuzi huo bila vita. Katika miaka ambayo nchi nyingi za Afrika zilimwaga damu kwa ajili ya mambo madogo kuliko hayo, utulivu ule ulikuwa neema kubwa, nasi tunaamini kwamba mafundisho ya sharika zetu yalikuwa na sehemu yake.

Mwaka huo huo wa 1960 Eliufoo alichaguliwa kuwa Rais wa Wachagga. Aliiacha Wizara ya Afya na kurudi mlimani. Wengine walishangaa kuona waziri akitoka makao makuu ya nchi kwenda kuongoza baraza la wilaya. Lakini mtu aliyewaambia wananchi kwamba uongozi ni utumishi wa kuchaguliwa asingeweza kukataa walipomchagua.

Rais katika siku za uhuru

Eliufoo alikuwa Rais wa Wachagga tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, na mwenge ulipowashwa na Luteni Alexander Nyirenda juu ya kilele cha Kilimanjaro. Ishara hiyo ilikuwa na uzito kwa watu wake. Mlima uliokuwa nembo ya Wachagga ulikuwa sasa nembo ya nchi nzima.

Kazi yake ilikuwa ngumu kuliko ilivyoonekana. Alichaguliwa kuongoza Wachagga, na wakati huo huo alijua kwamba cheo chenyewe kilikuwa cha kupita. Serikali ya nchi huru iliunda halmashauri za wilaya zenye mfumo mmoja, na mwaka 1963 uchifu ulifutwa kisheria katika Tanganyika nzima. Urais wa Wachagga nao ukaishia katika miaka hiyo. Si kawaida kwa mwanadamu kugombea kiti kwa bidii, akakipata, kisha akasaidia kukiondoa kwa manufaa ya nyumba kubwa zaidi. Eliufoo alifanya hivyo, na hakuna kumbukumbu ya yeye kuwachochea watu wake wakatae.

Waziri wa Elimu

Mwaka 1962 alirudi serikalini akiwa Waziri wa Elimu, naye akaishika wizara hiyo kwa sehemu kubwa ya muongo huo. Hapa ndipo utumishi wake ulipogusa nyumba nyingi zaidi.

Tarakimu zinaeleza mzigo aliokabidhiwa. Mwaka wa uhuru, 1961, nchi nzima ilikuwa na watoto wapatao 490,000 katika shule za msingi, na wengi wao waliishia darasa la nne. Wanafunzi wa sekondari walikuwa 11,832, na kidato cha sita kilikuwa na wanafunzi 176 tu. Kwa hesabu hiyo, vijana wote wa kidato cha sita wa Tanganyika wangeweza kukaa ndani ya kanisa moja la kijijini na nafasi ikabaki. Nchi ilihitaji waganga, wahandisi, mahakimu, walimu na makatibu wa wizara, wote kwa wakati mmoja.

Katika kipindi chake shule zilizokuwa zimetengwa kwa Wazungu, Waasia na Waafrika ziliunganishwa katika mfumo mmoja uliowapokea watoto wa rangi zote. Mwaka 1964 karo ya shule za sekondari ilifutwa. Chuo Kikuu, kilichoanza mwaka 1961 mtaa wa Lumumba kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, kilihamia Mlimani mwaka 1964. Kufikia mwaka 1967 shule za msingi zilikuwa na watoto wapatao 825,000, sekondari wanafunzi wapatao 25,000, na kidato cha sita wanafunzi 830. Katika miaka sita idadi ya kidato cha sita iliongezeka zaidi ya mara nne.

Ongezeko hilo halikuja bila uchungu. Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, ulioanza 1964, uliweka mbele sekondari na vyuo kwa sababu ya upungufu wa wataalamu, hata kama shule za msingi zingengojea. Kila mwaka maelfu ya watoto walimaliza shule ya msingi bila kupata nafasi ya kuendelea. Kilimanjaro, ambako misheni ilijenga shule tangu zamani na wazazi waliuza kahawa ili kusomesha, uchungu huo ulisikika sana. Wazazi walitazamia kwamba waziri aliyetoka kwao angewafungulia mlango zaidi ya wengine. Lakini waziri alikuwa wa nchi nzima. Mikoa mingi haikuwa na hata sehemu ndogo ya shule zilizokuwapo mlimani, na haki ilidai watoto wa huko nao wafikiriwe.

Jaribu jingine lilikuja Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu na vyuo vingine walipoandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Karibu 400 kati yao walirudishwa makwao. Tukio hilo liliishtua nchi, likaonyesha kwamba elimu inaweza kumtenga msomi na wazazi wake waliomlipia kwa jasho. Miezi michache baadaye, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, ulioelekeza kila shule iwe pia mahali pa kazi na kwamba mtoto asomeshwe kwa ajili ya maisha ya kijijini, siyo kwa ajili ya mtihani tu. Wazee wetu waliosoma shule za misheni, ambako mwanafunzi alishika jembe asubuhi na kitabu mchana, hawakuliona wazo hilo kuwa geni.

Mahusiano ya Serikali na Kanisa katika mambo ya shule yalihitaji pia mtu wa kuaminiwa na pande zote mbili. Sehemu kubwa ya shule za nchi ilikuwa imejengwa na makanisa. Wakati huo Kanisa lenyewe lilikuwa likijipanga: tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika Tanganyika, Askofu Stefano Moshi akiwa mkuu wake wa kwanza. Eliufoo alikuwa amekwisha kutoka wizarani wakati Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipoziweka shule za makanisa chini ya Serikali. Hata hivyo misingi ya elimu moja kwa watoto wote, bila kuuliza rangi, kabila wala dini, ilikuwa imewekwa katika siku zake.

Kuondoka kwake

Mwalimu Solomon Eliufoo alifariki mwaka 1971, akiwa na umri wa takriban miaka hamsini. Katika mwaka huo huo hospitali ya KCMC ilifunguliwa mjini Moshi, nayo ikaanza kuwatibu watu wa mikoa mingi na kuwaandaa waganga kutoka miongoni mwa vijana waliopita katika shule za miaka ya 1960. Kizazi kimoja kilikuwa kimepanda, kingine kikaanza kuvuna.

Mafunzo kwa usharika wetu

Tunapoingia katika karne ya pili ya usharika huu, maisha ya mtumishi huyu yanatuachia mambo matatu ya kutafakari.

Kwanza, hakuzaliwa katika nyumba ya kutawala. Aliinuliwa na shule ambayo wazazi wetu walijenga kwa mawe waliyobeba vichwani. Usharika unaoacha kusomesha watoto wa maskini unajinyima viongozi wake wa kesho.

Pili, alitetea kwamba kila mwenye madaraka awe na siku ya kurudi mbele ya waliomchagua. Neno hilo ni la siasa, lakini linatuhusu sisi pia katika mabaraza ya wazee, kwaya, vikundi vya akina mama na kamati za ujenzi. Kiti cha utumishi hakirithiwi, wala hakikaliwi milele.

Tatu, alipopewa nafasi ya nchi nzima hakuigeuza kuwa mali ya watu wa kwao. Wapo waliosikitika wakati huo. Leo, watoto wa kila mkoa wanapokutana katika chuo kimoja na kuabudu pamoja katika sharika za mijini, tunaona ya kwamba alitenda vema.

Mungu aliyemwita kutoka vihamba vya Machame, akamsomesha na kumtumia, na apewe sifa. Naye aendelee kuinua kutoka katika sharika zetu watu watakaoomba kura kwa unyofu, watakaotumikia kwa haki, na watakaojua kukabidhi wakati wao utakapotimia.